Mwaka Nilipokuwa Shemeji wa Kila Mwanaume

Kapteni amekufa mwezi uliopita. Mzee Longinus ndiye aliyenipigia simu, mimi nimelala chini ya pikipiki ya mtu gereji, akasema, "Deo, shemeji yako amemaliza." Nikamuuliza, "Amemaliza nini, mzee? Maana yule vitu vingi alivimalizia kwa ngumi." Mzee akacheka kwanza, halafu akakumbuka kwamba ni msiba, akajifanya anakohoa. Nikateremka ziwani kuzika. Nilitupia udongo wangu kama wenzangu, nikapiga ishara ya msalaba, nikakaa kwenye mkeka nikala wali wa msiba na nikaomba kuongezewa. Mimi natafuna upande wa kulia tu, kichwa nimekilaza kama kuku aliyesikia mwewe. Mama mmoja aliyekuwa anagawa mchuzi akanionea huruma: "Pole baba, jino linauma?" Nikamwambia, "Siyo jino, mama, meno. Na daktari wangu ndiye huyo tuliyemfukia sasa hivi. Alinitoa kwa kasia, bila hata ganzi." Wakacheka mpaka wafiwa. Shemeji ana ruhusa hiyo msibani, na mimi ushemeji wangu kwenye ile nyumba niliulipia kwa taya.

Ukoo wangu tuuache, hauna maajabu: kijiji cha Mapera, kahawa, mahindi, misa ya kwanza. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu. Nilikuwa kijana, darasa la saba nimelimaliza kwa kusukumwa, kazi yangu kupandisha usipa kwa pikipiki kutoka ziwani mpaka Mbinga mjini. Ukikaa na wale dagaa barabarani unanuka mwaka mzima, lakini lugha unazipata zote: Kimatengo cha nyumbani, Kinyasa cha pwani, na Kiswahili cha stendi cha kutukania makondakta. Ndipo likaja gari jeupe la watu wa utafiti, wakatafuta mtu wa kuwatafsiria na kuwabebea vyombo. Nikasema mimi hapa. Msimamizi wao alikuwa Bwana Lusekelo, mtu wa Mbeya, mpole, suruali imepigwa pasi hata porini. Na mdadisi, yaani muuliza maswali, aliyepangwa na mimi alikuwa Dada Mwanaidi, muuguzi kutoka Tanga, mfupi, hijabu yake imebanwa kwa pini, mdomo wake una makali kuliko sindano zake.

Siku ya kwanza tulikunywa chai ya tangawizi kwa mama lishe pale stendi, akanieleza kazi yenyewe huku anachovya andazi. "Tunataka kujua nani anaumwa, mtoto wa nani anakufa, na nani anafika zahanati. Halafu tulinganishe wenye nacho na wasio nacho." Nikamuuliza atawajuaje wenye nacho, maana Mmatengo hata akiuza kahawa gunia ngapi sijui, ukimuuliza anakwambia mwaka huu tumekufa. Akacheka. "Ndiyo maana hatuulizi pesa. Tunaangalia sakafu, bati, godoro, redio, choo, maji. Nyumba zote tunazipanga foleni kutoka ya chini mpaka ya juu, tunaikata foleni mafungu matano. Halafu tunaangalia watoto wa fungu lipi wamedumaa." Nikamwambia, "Na mimi mnaniweka fungu lipi? Nina godoro lakini panya ndiye analilalia." Akasema, "Wewe tutakuwekea fungu lako la wanaoongea wenzao wakitafuna." Nikampenda hapohapo, mapenzi ya kuogopana.

Kwenye kila nyumba mambo yalikwenda hivi. Kwanza vitu vya ndani, hapo mwenye nyumba anakutembeza kama mnunuzi. Halafu watoto: mizani, kibao cha kupimia urefu, na kidole kutobolewa tone la damu. Kibao nilibeba mimi. Mwisho kabisa, kishikwambi kinachagua mwanamke mmoja kwa bahati nasibu, naye anaulizwa maswali ya ndani. Mume wako amewahi kukusukuma? Kukupiga kofi? Ngumi? Kukuburuza? Kukukaba? Kukutishia kwa kisu? Masharti yake ni kwamba yanaulizwa wakiwa watu wawili tu, mlango umefungwa. Mtu yeyote wa umri wa kuelewa akiingia, mdadisi anageuza palepale kama hakuna kitu, anauliza, "Na maji ya kunywa mnachota wapi?" Mtu akitoka, wanarudi kwenye ngumi.

Tatizo ni kwamba wanaume hawatoki. Kijijini Mpepai, wiki ya mwanzo kabisa, Mwanaidi amekaa jikoni na mama mmoja, moshi umejaa, maharage yanachemka, mimi niko nje nahesabu mawingu. Mume akarudi kutoka kwenye vichanja vya kahawa, panga kwapani, hakupiga hodi. Nilisikia sufuria linagonga ukuta. Kuingia, maharage yamenata kwenye tofali yanateremka taratibu, yule mama amejikunja nyuma ya mafiga, mkono wake umeiva kuanzia kiwiko, hapigi kelele, anapuliza tu. Na jamaa panga ameshalitoa kwapani. Kusema kweli sikufikiri. Nikapiga ukelele, "Shemeji! Hiyo mboga si tulikuwa tumekaribishwa wote?" Akanigeukia. "Shemeji wa nani?" "Wako! Huyu ni dada yangu, au ulidhani ulimwokota kama uyoga? Mahari umemalizia lini, mbona sisi hatujala?" Watu wawili watatu waliokuwa dirishani wakaangua kicheko. Jamaa alisimama na panga lake, uso hajui aufanye nini, mwishowe na yeye akacheka. Mwanaidi alikuwa ameshamkamata yule mama mkono akautumbukiza kwenye ndoo ya maji.

Huku kwetu shemeji unaweza kumtukana mpaka babu yake, na yeye anakutukana, lakini mkono haupandi. Mwenye kumpiga kaka wa mke wake hata kilabuni hawampishi kiti. Basi tangu siku ile nikawa na kazi mpya, isiyo kwenye mkataba. Tukiingia uani, kabla shikamoo haijapoa, mwanamke nishamwita dada, na mwanaume nishamwita shemeji mbele ya majirani, kwa sauti kubwa. Namtoa nje, namdhihaki kitambi, namdhihaki ng'ombe wake, tunacheza drafti kwa visoda, na ndani Mwanaidi anauliza taratibu. Nilikuwa na mashemeji kuanzia milima ya Mbinga mpaka maji ya ziwa. Nikipita na pikipiki napigiwa miluzi.

Lakini nilikuwa nacheka na mikono inayopiga. Sasa hivi nikikumbuka ule mwaka nyuso zinanipotea, naona mikono tu. Mmoja alicheza drafti na mimi asubuhi nzima, mtu wa utani hasa, kidole chake cha kati kina alama ya meno ya mtu, na mke wake ndani alikuwa na pengo. Mwingine alinionyesha mpini wa jembe aliouchonga mwenyewe, laini, akasema huu siyo wa kulimia. Majirani wakacheka na mimi nikacheka, kwa sababu ningenuna angeingia ndani. Na nje ya nyumba pia hakukuwa salama. Kijiji kimoja mabondeni walisema tunanyonya damu ya watoto kwa kidole, wakatupiga mawe mpaka kioo cha nyuma cha gari kikamwagika chote mapajani mwangu; Bwana Lusekelo aliendesha huku paji la uso linavuja damu na suruali bado ina pasi. Jioni ile tulikula ugali na mbasa wa kukaanga kwenye nyumba ya wageni, Mwanaidi akawa anamenya samaki tu, hali. Nikawasikia yeye na Bwana Lusekelo wanabishana, mimi nikijifanya nimezama kwenye mchuzi.

"Sisi tunapima, Mwanaidi. Hatuamui ugomvi. Ukimkuta ameumizwa unampa karatasi yenye namba ya kupiga simu, unaondoka. Ndiyo taratibu."

"Simu ya nani? Simu anayo mume."

"Tukianza kuwabeba, kesho hakuna nyumba itatufungulia mlango. Na wale wote ambao hatujawafikia, nani atawahesabu?"

Mwanaidi akanisogezea sahani yake. Mimi mwenyewe nilimwona Bwana Lusekelo ana haki, na nilimwona Mwanaidi ana haki, na nikala samaki wake maana alikuwa ameshamenywa.

Kwa Kapteni tulifika asubuhi, kijiji cha ziwani si mbali na Lituhi. Alikuwa na mitumbwi ya injini, na vijana wa kuvua wakimwita Kapteni kama yuko jeshini. Nyumba kama ile sijaona tena ziwani kote: vigae chini, sofa zenye vitambaa vya kufuma, friji la kugandishia samaki, luninga kubwa kama mlango, na bomba la maji ndani kwa ndani, lina koki ya rangi ya dhahabu. Alilifungua mara tatu tuone. "Andika, dada, andika. Maji hapa hayachotwi kichwani." Mwanaidi alibonyeza kila kitu. Kwenye ile foleni yao nyumba ile ilikwenda mbele kabisa, fungu la juu, pamoja na wakubwa wa mjini. Na mke wake, Skolastika, akaenda nayo fungu la juu, kwa sababu foleni inapanga nyumba, haimpangi mtu. Alikuwa na mimba kubwa, amevaa sweta la mikono mirefu na jua lile la ziwani, na alipoulizwa kama anahudhuria kliniki alimwangalia mume wake kwanza. Kapteni akajibu, "Ataenda nikipata nafasi."

Kishikwambi kikamchagua. Nikafanya kazi yangu. "Shemeji, toka nje, huyu dada yangu ameolewa na mtu au na friji? Mimi nataka kukuona kwenye drafti." Akafurahi, akaniita shemeji na yeye, akaagiza soda. Tukakaa barazani, Mzee Longinus, baba yake mdogo, akawa mwamuzi, na vijana wa mitumbwi wamezunguka. "Shemeji yangu mweusi kama sufuria ya msiba," Kapteni ananiambia. "Na wewe shemeji una kichwa kama nanga, ndiyo maana hukwenda shule," namwambia. Watu hoi. Dirisha la sebule lilikuwa nyuma yangu, limefungwa pazia tu, na mle ndani nasikia kama nyuki: sauti ya Mwanaidi, halafu kimya, halafu sauti ya Skolastika. Napiga kelele kuzifunika.

Sasa mtoto wao mkubwa akaingia sebuleni kufuata mpira wake. Mwanaidi akafanya kama kanuni inavyosema. Akapandisha sauti kidogo, ya kawaida kabisa: "Na maji ya kunywa mnachota wapi?"

Kapteni alikuwa ameshika kisoda hewani. Hakukiweka. "Maji?" akasema. "Si nimemwonyesha bomba?" Nikamwambia shemeji cheza, unaogopa kuliwa. Akageuza shingo polepole kuelekea pazia. "Maji ameshauliza. Ameandika nikiona. Anauliza tena ya nini?" Vijijini kote swali lile lilikuwa linatuokoa, maana kote maji yanachotwa mbali na watu hawachoki kuyalalamikia. Nyumba moja tu yenye bomba la kujisifia, ndiyo ikatugeuka.

Alisimama ubao ukapinduka. Nikamwahi mlangoni, nikatanua mikono, nikacheka, "Shemeji, umeshindwa unakimbi..." Kasia lilikuwa limeegemea ukuta. Sikuliona likija. Nilisikia kitu kama kuni kavu inavunjwa, nikashangaa nani anavunja kuni, kumbe ni mimi. Nilipoinuka kwa magoti mdomo umejaa vitu vigumu, mlango ulikuwa umeshafungwa komeo, na ndani Skolastika analia kilio cha chini, cha mtu aliyezoea kubana sauti. Vijana wa mitumbwi wamesimama. Hakuna aliyesogea, mwenye mtumbwi ndiye mwenye chakula chako. Nikalirukia dirisha na pazia lake nikaangukia ndani.

Kapteni amemkamata mke wake nywele, amezizungusha mkononi kama kamba ya nyavu, anamgongesha kichwa kwenye lile friji, na kila akigonga anauliza, "Umemwambia nini? Umemwambia nini?" Mtoto amejibana nyuma ya sofa na mpira wake. Damu kwenye vigae inateleza vibaya sana, hilo nililijua kwa kuanguka mara ya pili. Aliinua mguu kulenga tumbo. Hapo ndipo Mwanaidi alipokuja na kibao cha kupimia urefu, kile nilichokibeba mwaka mzima nikilalamika ni kizito. Alikishika kwa mikono miwili akampiga nacho nyuma ya sikio. Kapteni akaachia nywele. Mwanaidi akampiga tena, ya bega. Akaniambia bila kunitazama, "Deo, mtoe huyu mama, mimi bado nina kazi."

Nilifungua komeo nikamtoa nimemkumbatia kwapani, damu yake na yangu zimechanganyika kwenye sweta. Uani kijiji chote kipo. Bwana Lusekelo amekuja mbio kutoka kwenye gari. Kapteni akatoka nyuma yetu anayumba, kasia amelipata tena, sikio linachuruzika, na sauti bado anayo: "Shikeni huyo! Anaiba mke wa mtu! Yeye ni nani yake?" Wanaume wakatusogelea, wakafunga njia ya kwenda kwenye gari. Na kwa sheria ya pale walikuwa sawa: mke wa mtu habebwi na mpita njia. Anayeweza kumbeba ni kaka yake, tena akikuta damu, halafu mume amfuate na wazee, aombe, alipe. Nilijaribu kusema mimi ni kaka yake, yakatoka mate na jino. Aliyesema ni Mzee Longinus. Alikuwa bado amekaa kwenye kiti chake cha uamuzi, visoda vimemwagika miguuni.

"Kapteni. Tangu asubuhi unamwita nani?"

"Baba mdogo, ule ulikuwa utani!"

"Utani unamtania nani, mpita njia? Umemwita shemeji mbele yetu, ukampa soda, ukala matusi yake. Na damu hiyo hapo, kaka yake ameiona. Wapisheni."

Wakapisha. Bwana Lusekelo alifungua mlango wa nyuma mwenyewe, na mimi namjua, taratibu zote zilikuwa zinampita machoni. Mwanaidi akamwambia, "Utaniandikia barua ya onyo tukifika." Akajibu, "Nitaiandika. Panda." Akaendesha ule mlima wa kwenda Mbinga kama ameiba gari.

Polisi wakatupa fomu za matibabu, wakasema watamfuata. Ziwa ni refu, wanalifuata mpaka leo. Hospitali walinifunga taya kwa waya, nikawa nakunywa uji kwa mrija, mimi Deo, kimya. Skolastika alishonwa kichwa. Muuguzi aliweka kile kibomba tumboni, akasikiliza muda mrefu mno, halafu akasema, "Yupo. Anapiga teke." Nikalia na waya wangu.

Wakaja baada ya siku chache, mchana, saa ya kuona wagonjwa: Kapteni amevaa shati jeupe, Mzee Longinus na wazee wengine wawili, na mbuzi. Mbuzi wa kuombea msamaha, mnene, wakamfunga kwenye nguzo ya wodi akaanza kula maua ya masista. Hivyo ndivyo inavyofanyika. Mume akija na wazee na mbuzi, akapiga magoti, kaka akipokea kamba, mwanamke anarudi; wazee wakiondoka na mbuzi wao, ombi limekufa. Hakuna anayemuuliza yeye. Na kaka nilikuwa mimi, ndugu zake wa kweli walikuwa ng'ambo, upande wa Malawi, hawana habari. Kapteni akapiga magoti mbele ya benchi langu, vizuri kabisa, ncha ya kamba ya mbuzi mkononi. "Shemeji, nimekosa. Ni hasira tu." Nilikuwa na matusi ya kutosha kumpeleka mpaka Songea, na taya limefungwa. Nikaweka mikono nyuma. Mzee mmoja akasema, "Kijana, pokea. Mwanamke hazai hospitali kama asiye na kwao."

Mlango wa chumba ukafunguliwa. Mwanaidi alikuwa ndani na kishikwambi, maana alisema yule mama ana haki ya kuulizwa mpaka mwisho akitaka, na Skolastika alikuwa ametaka. Akatokeza yeye mwenyewe, kichwa kimefungwa bendeji, mkono ameshikilia kiuno.

"Hatujamaliza," akasema. "Kaeni hapo nje."

Akarudi, akaurudishia mlango, hakuufunga. Wakakaa. Tukakaa wote benchi moja, Kapteni pembeni yangu, naye sasa anaogopa kusimama maana wodi nzima inamtazama. Tukamsikia Mwanaidi anauliza kwa sauti ya chini, na Skolastika anajibu kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, ya mtu anayeita mtumbwi kutoka mbali.

"Ndiyo. Kofi, ndiyo. Ngumi, ndiyo."

"Dada Skola, polepole, wanasikia."

"Najua wanasikia. Endelea."

"Amewahi kukukaba?"

"Ndiyo, kwa waya wa pasi. Ulizia na zile mimba mbili zilizotoka. Ya kwanza alinipiga kwa kasia, nikaizika mwenyewe nyuma ya choo. Baba mdogo Longinus aliniona nachimba, nikamwambia ninapanda muhogo."

Kwa kanuni zao, mtu mzima akiwa anasikia, majibu yale hayahesabiki. Mwanaidi alinieleza baadaye: kwenye hesabu, ile nyumba ya vigae ipo fungu la juu na ngumi zake hazimo. Lakini siku ile hakuacha kuuliza. Aliuliza lote mpaka mwisho, na lote likajibiwa, na mzee aliyesema habari ya kuzaa akawa anatazama viatu vyake.

Mzee Longinus alikuwa amekaa mikono juu ya fimbo. Ndani maswali yakaisha. Akainuka, akaenda kwenye nguzo, akafungua kamba ya mbuzi taratibu, fundo lilikuwa limekaza. Kapteni akamwita, "Baba mdogo, unampeleka wapi?" Hakugeuka. Alimvuta yule mbuzi mpaka getini, wazee wawili wakamfuata, mmoja mmoja, na Kapteni akabaki kwenye benchi na mimi.